Marehemu Wally Byam na trela zake: kumbukumbu ya fundi bodi

Kazi yangu ni kutengeneza vyumba vya kulala vinavyobebwa juu ya pikapu. Ni chumba kimoja chenye kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na kabati, ambacho mwenye gari hukifunga kwenye sehemu ya mizigo anaposafiri na kukishusha juu ya miguu yake anaporudi nyumbani. Nimeifanya hapa Arusha kwa miaka mingi, na kila kijana anayeingia karakana yangu kujifunza, humsimulia kwanza habari za mtu ambaye mimi mwenyewe sikuwahi kumwona: Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya trela ya Airstream, aliyefariki Julai 22, 1962, akiwa na umri wa miaka 66. Yeye alitengeneza trela za kulala ndani zinazovutwa na gari, si vyumba vya kubebwa, lakini uzito, mtikisiko, maji na vumbi vilimsumbua kama vinavyotusumbua sisi, na namna alivyopambana navyo ndiyo iliyofanya wateja wake wampende kama ndugu yao mkubwa.

Alizaliwa Julai 4, 1896, Baker City, katika jimbo la Oregon. Katika ujana wake alichunga kondoo, akiishi ndani ya kijumba kilichowekwa juu ya mkokoteni wa magurudumu mawili uliovutwa na punda, akiwa na jiko la mafuta ya taa, chakula, maji, ndoo ya kunawia na mfuko wa kulalia. Sipendi kupitisha habari hii haraka, kwa sababu naona kwamba hapo ndipo alipoupata ujuzi ambao chuo hakifundishi. Mtu aliyelala miezi katika chumba ambacho akinyoosha mkono anagusa kila alicho nacho, anajua kwamba koti lililolowa linahitaji mahali pake, kwamba jiko likiwa karibu mno na mlango upepo utalizima, na kwamba kitanda kinachohitaji kukunjwa kila asubuhi kitaachwa bila kukunjwa kufikia siku ya nne.

Alisoma Chuo Kikuu cha Stanford, kisha akaingia katika biashara ya matangazo na uchapishaji mjini Los Angeles. Jarida mojawapo alilokuwa akilichapisha lilitoa ramani ya kujitengenezea trela, na wasomaji wakalalamika kwamba trela hiyo haitengenezeki. Byam hakuwajibu kwa barua. Aliifuata ramani ile kwa mikono yake, akaona kuwa wana haki, akaanza kubuni ya kwake. Nyumbani pia alikuwa na sababu: mkewe Marion hakupenda kulala chini hemani, kwa hiyo Byam alikuwa amejaribu kuinua hema juu ya chasisi (fremu ya chini) ya gari la Ford Model T, jambo lililoleta usumbufu mwingi, hasa wakati wa mvua. Hatimaye akatengeneza kijumba kigumu chenye umbo la tone la maji, akauza maelezo ya namna ya kukitengeneza kwa dola 5, na watu walipoanza kumwomba awatengenezee yeye mwenyewe, kazi ikawa kampuni, iliyoanza mwaka 1931 katika Jimbo la California, huko Culver City.

Badiliko lake la mapema ambalo mimi nalithamini kuliko yote ni dogo kusimulia. Trela za wakati ule zilikuwa na sakafu iliyolala juu ya ekseli, yaani mhimili unaounganisha magurudumu, na kwa sababu hiyo paa likawa chini, mtu akaingia ameinama na kuishi ameinama. Byam aliishusha sakafu katikati ya magurudumu na kuinua dari, hata mtu mzima akaweza kusimama wima na kupika. Faida yake haikuwa starehe peke yake, kwani sakafu ikishuka, na matangi na makabati mazito yakashuka pamoja nayo, kitovu cha uzito hukaa karibu zaidi na barabara, na trela haiyumbi ovyo kwenye kona au upepo unapopiga ubavuni.

Mwaka 1936 alitoa Clipper, trela yenye ganda la alumini, iliyouzwa kwa dola 1,200, ikiwa na nafasi ya kulala watu wanne, maji yake yenyewe na taa za umeme, na hata kifaa cha kupoza hewa kilichotumia barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa). Haki inanitaka niseme kwamba ganda lile la alumini halikuwa wazo lake la kwanza. Hawley Bowlus, mtengenezaji wa ndege zisizo na injini ambaye pia alisimamia ujenzi wa ndege ambayo rubani Charles Lindbergh aliivukia Atlantiki peke yake, alikuwa ametangulia kutoa trela ya namna hiyo mwaka 1934, yenye mlango mbele kabisa, juu ya kiungio kinachoifunga trela kwenye gari. Byam aliuhamishia mlango ubavuni. Aliyewahi kupanda juu ya kiungio chenye matope ili aingie ndani akiwa na sufuria mkononi ataelewa kwa nini badiliko hilo moja liliweza kuamua nani atauza na nani hatauza.

Ganda la namna hiyo hufanya kazi kama kifuu cha nazi. Mbavu zake ni nyembamba, nazo hazibebi mzigo peke yake. Mabati ya alumini yaliyokunjwa na kufungwa kwa ribiti, yaani vipini vifupi vya metali vinavyogongwa hadi vibane, hushirikiana nazo, hivi kwamba barabara ikiisukuma kona moja, nguvu hiyo husambaa katika ganda zima badala ya kukusanyika mahali pamoja na kupasua. Ribiti ngumu ya aina ile haifungwi na mtu mmoja. Fundi wa nje huigonga kwa nyundo ya upepo, na mwenzake wa ndani hushikilia kipande kizito cha chuma nyuma yake, mpaka mkia wa ribiti ubonyee na kuwa kichwa cha pili. Wasipokwenda kwa pumzi moja, bati huingia kishimo ambacho hakitatoka tena. Kampuni iliyo Jackson Center, Ohio, ambako Byam alifungua kiwanda mwaka 1952, bado hufanya kazi hiyo kwa mikono ya watu wawili wawili.

Mimi nililifahamu jambo hili kwa gharama kubwa. Chumba changu cha kwanza nilikijenga kwa mabomba ya mraba ya chuma, nikayachomelea vizuri, nikayafunika kwa bati. Kilipopimwa kilikaribia kilo 700 kabla ya kutia maji, na lita 100 za maji ni kilo 100 nyingine. Baada ya miezi michache springi za nyuma zilikatika, na karibu kila mahali nilipochomelea kwenye kona palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Chuma hakikuwa dhaifu. Nilikuwa nimekifunga kigumu mno, na mtikisiko usio na pa kwenda ulikula viungo. Tangu hapo ninatumia alumini, ambayo kwa ujazo uleule ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma, na ninaifunga kwa ribiti. Inapokutana na chuma cha chasisi ninaweka mpira katikati, kwani metali hizo mbili zikigusana kwenye hewa ya chumvi, alumini huliwa haraka. Wateja wangu wa Tanga na Mombasa wanalijua hilo.

Vita Kuu ya Pili ilisimamisha trela zake, kwa kuwa alumini yote ilihitajika kwa ndege, na Byam mwenyewe akaenda kufanya kazi katika viwanda vya ndege. Alirudi kwenye trela baada ya vita akiwa amekomaa zaidi. Ipo picha ya mwaka 1947 ya Mfaransa Alfred Letourneur, mwendesha baiskeli wa mashindano, akiivuta trela nzima ya Airstream kwa baiskeli, na mpaka leo sijui namna bora zaidi ya kumweleza mteja maana ya wepesi.

Lakini aliyemfanya Byam apendwe ni Byam wa misafara. Watu wa pwani yetu wanalifahamu neno kirangozi, yule aliyetangulia mbele ya misafara kutoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji, na sioni neno linalomfaa zaidi. Mwaka 1951 aliwaongoza wateja wake kutoka El Paso, Texas, kupitia Mexico hadi Amerika ya Kati. Trela 63 ziliondoka. Zilizofika Managua, Nikaragua, zilikuwa 14. Mfanyabiashara mwingine angeificha hesabu hiyo. Yeye aliendelea kusafiri pamoja nao, mwaka hadi mwaka, Ulaya na kwingineko, na kilichovunjika njiani kikawa somo la trela zilizofuata, kwa sababu mtengenezaji alikuwepo pale, analala katika trela kama za wateja wake na kuharibikiwa kama wao.

Safari iliyo kubwa kuliko zote inatuhusu sisi. Kati ya 1959 na 1960 trela 41 zenye watu 106 zilitoka Cape Town kwenda Cairo. Zilivutwa na pikapu na magari mengine makubwa, zikapita Rhodesia, zikazama katika matope ya Kongo ya Wabelgiji, zikaendelea Uganda na Kenya, kisha Ethiopia, ambako Mfalme Haile Selassie alikwenda kuwaona, na mwishoni zikapangwa mbele ya piramidi za Giza. Nikiitazama picha ya gari lililozama hadi ekseli huku watu kadhaa wakilisukuma, simwoni mtalii. Ninaona majaribio ya chasisi ambayo karakana yoyote haiwezi kuyafanya.

Mwaka 1961, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kampuni ilitoa Bambi, trela ndogo ya urefu wa chini kidogo ya mita 5. Ugonjwa uliomwua ulikuwa uvimbe wa ubongo. Klabu iliyoanzishwa kwa jina lake mwaka 1955, huko Kentville, Kanada, haikuvunjika. Wanachama waliendelea kusafiri kwa misafara, kila trela ikiwa na namba yake ya uanachama kwa tarakimu kubwa nyekundu.

Julai 1969 wanaanga watatu wa Apollo 11 waliporudi kutoka mwezini, walifungiwa ndani ya chumba kilichotokana na trela ya Airstream isiyo na magurudumu, na Rais Nixon akazungumza nao kupitia dirishani. Msukumo wa hewa ndani uliwekwa chini kuliko wa nje, ili hewa isitoke na vijidudu kama vipo. Sisi hufanya kinyume chake. Kwenye barabara ya vumbi ninawaambia wateja wafungue tundu la hewa la mbele, juu, lenye kichujio, na kufunga mengine yote, ili hewa iingie kwa nguvu na kulisukuma vumbi nje kupitia nyufa ambazo vinginevyo lingeingilia. Hupunguza vumbi kwenye matandiko kuliko raba yoyote ya mlango niliyowahi kununua.

Chumba ninachokimalizia sasa ni cha wenzi wastaafu wanaotaka kwenda Katavi. Kabla sijakikabidhi nitakilalia siku mbili katika barabara ya Mto wa Mbu kwenda Engare Sero, jikoni kukiwa na vyombo, tangi likiwa limejaa, kama ninavyofanya kwa kila kimoja. Safari iliyopita kitasa cha kabati la juu ya kitanda kilifunguka saa nane za usiku gari likiwa limesimama, kwa upepo wa ziwani tu. Nimekibadilisha, na kipya kinafunga kwa kusukumwa juu, si kwa kuvutwa pembeni.