Kamfunga mwenzake, mbona kaachwa? Jinsi mchezaji wa mpira wa meza anavyoingia timu ya taifa

Kila mchujo wa timu ya taifa unapoisha, kuna mzazi atakayenifuata pale ninapokusanya karatasi za matokeo. Swali lake nalijua kabla hajafungua kinywa: mwanangu amemfunga yule, tena seti tatu kwa moja, imekuwaje yule apite na wangu abaki? Ni swali la haki, na jibu lake limo kwenye karatasi zile zile.

Tuchukue wachezaji watatu wa kundi moja, tuwaite A, B na C. Wote watatu wamewafunga wengine wa kundi, ila wao kwa wao wamefungana kwa mzunguko: A kamfunga B 3–2, B kamfunga C 3–0, C kamfunga A 3–1. Kwenye makundi, ushindi una pointi 2 na kufungwa kuna pointi 1. Asiyetokea au asiyemaliza mechi hapati kitu. Kwa hiyo watatu hawa wako sawa kwa pointi. Wangekuwa wawili tu, mechi yao ingeamua na mazungumzo yangeishia hapo. Kwa kuwa ni watatu, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza (ITTF) zinatutaka tutazame mechi walizocheza wao kwa wao tu, tuchukue seti alizoshinda kila mmoja na kuzigawanya kwa seti alizopoteza. Tunagawanya, hatutoi, wengi hukosea hapo.

B ameshinda seti 5 na kupoteza 3: anapata 1.67. A ameshinda 4, kapoteza 5: 0.80. C ameshinda 3, kapoteza 4: 0.75. Nafasi zikiwa mbili, wanapita B na A. C, aliyemfunga A mchana kweupe, amebaki.

Hapo ndipo huwa naweka kidole kwenye mechi iliyomponza C. Siyo ile aliyocheza na A. Ni ile ya 3–0. Angeambulia japo seti moja kwa B, angekuwa na seti 4 za kushinda na 4 za kupoteza, yaani 1.00, na A ndiye angefungasha virago. Nimeshawaona wachezaji wengi walio nyuma seti mbili wakiiachia ya tatu, mabega chini, mpira unarudishwa ilimradi urudi, eti wanatunza nguvu za mechi inayofuata. Kwenye mashindano ya mtoano labda ungemwelewa, kwa kuwa mechi ikishapotea imepotea. Kwenye mchujo wa makundi, seti ile ndiyo nafasi yake.

Nimeanza na hesabu kwa sababu ndiko malalamiko yanakotoka, lakini mchujo wenyewe si mlango wa kwanza. Kabla yake kuna uraia. Mchezaji huiwakilisha nchi ambayo ni raia wake. Kuishi na kufanya mazoezi mahali kwa miaka mingi hakutoshi. Anayetaka kucheza chini ya chama cha nchi mpya husajiliwa ITTF, kisha husubiri, na kadiri umri wake ulivyokuwa mkubwa siku ya kusajiliwa ndivyo kipindi cha kusubiri kinavyorefuka. Mtoto husubiri kidogo, mtu mzima husubiri miaka mingi. Mwenye uraia wa nchi mbili aamue mapema, maana mechi moja rasmi aliyoichezea timu fulani ya taifa inaweza kumzuia kuichezea nyingine.

Baada ya hapo kila chama cha taifa kina utaratibu wake, na ITTF haikiingilii namna ya kuchagua. Unaoonekana mara nyingi ni mchanganyiko: mwenye nafasi ya juu kwenye viwango vya dunia hupita moja kwa moja, wengine hupatikana kwa mchujo, na nafasi moja huachiwa makocha na wateuzi. Viwango vya dunia hupangwa upya kila wiki kwa kujumlisha matokeo manane bora ya mchezaji, na pointi huwa na muda wake wa kuisha. Asiyesafiri kucheza mashindano ya kimataifa hushuka hata kama nyumbani hana mpinzani. Ndiyo maana mimi binafsi sipendi utaratibu unaotegemea viwango peke yake. Wakati mwingine unapima nauli kuliko mkono.

Ile nafasi ya wateuzi ndiyo huleta kelele. Mwaka 2024 Japani ilichagua wanawake watatu wa kwenda Olimpiki ya Paris. Wawili wa kwanza kwenye orodha ya pointi za ndani, Hina Hayata na Miu Hirano, walipita bila ubishi. Wa tatu alikuwa Mima Ito, aliyeondoka Olimpiki ya Tokyo na medali tatu, mojawapo ya dhahabu. Hakuchukuliwa. Nafasi ilikwenda kwa Miwa Harimoto, msichana wa miaka 15 aliyekuwa nyuma yake kwa pointi. Utaratibu ulikuwa wazi tangu mwanzo kwamba nafasi ya tatu ni ya mchezo wa timu na ingeamuliwa na wateuzi. Timu ilirudi na medali ya fedha. Unaweza kubishana na uamuzi ule hadi kesho, lakini huwezi kusema waliwashtukiza wachezaji.

Kwa nini mtu wa tatu asichukuliwe tu kwa pointi? Kwa sababu timu ina kazi zake. Kwenye Mashindano ya Dunia ya timu, mechi zote tano ni za mmoja mmoja: wachezaji wawili hucheza mara mbili, wa tatu mara moja, na timu ya kwanza kufikisha ushindi wa mechi tatu imemaliza. Huko Paris, timu zilianza na mchezo wa wawili wawili. Sasa kocha anahitaji jozi. Katika mchezo wa wawili, wenzi hupiga kwa zamu, hakuna kurudia, na mpira huanzishwa kutoka nusu ya kulia ya meza. Wote wakitumia mkono wa kulia, kila aliyepiga lazima azunguke kumpisha mwenzake, na mara wanakanyagana. Mmoja akiwa mashoto, kila mmoja anatokea upande wake na meza inabaki wazi. Mashoto wa nafasi ya nne kwa hiyo anaweza kuwa na thamani kuliko mkono wa kulia wa nafasi ya tatu, na hilo si upendeleo.

Olimpiki ina kizuizi kingine: kwenye mchezo wa mmoja mmoja, nchi hairuhusiwi kuingiza zaidi ya wawili kwa wanaume na wawili kwa wanawake. Nchi yenye vigogo watano inawaacha watatu nje, huku nchi nyingine ikimpeleka mtu ambaye vigogo hao wangemfunga wakiwa wamesinzia.

Siku ya mchujo, njoo na raketi mbili zilizokaguliwa. Raba zilizobandikwa kwenye raketi ziwe kwenye orodha ya ITTF, upande mmoja mweusi na wa pili wa rangi angavu, unene usizidi milimita 4 pamoja na gundi.

Na wewe mzazi wa C, kuna mambo mawili nitakuomba. Ukiona hesabu imekosewa, leta rufaa kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo la mchujo, siyo baada ya timu kupanda ndege. Pili, angalia pasipoti ya mtoto inaisha lini. Aliyeachwa nafasi moja ndiye mara nyingi anayeitwa kambini awe wa akiba. Wang Manyu alikwenda Olimpiki ya Tokyo kama mchezaji wa akiba wa China. Mwenzake Liu Shiwen akaumia, Wang akaingia kwenye timu, akarudi na dhahabu.