"Muache, njo vile iko": kweli mutu habadilike?

Huku Goma ukilalamikia mutu, jibu iko tayari: muache, njo vile iko, mutoto wa nyoka ni nyoka. Sawa, damu iko na sehemu yake. Batafiti balilinganisha mapacha, balikuta ile ya kuzaliwa inaeleza karibu nusu ya tofauti ya tabia kati ya batu. Ile nusu ingine ni maisha.

Kisha kuko benye banasema ukipita miaka 30 imekwisha. Hii haiko ya bazee betu peke yao, hata William James, profesa wa Marekani, aliandika mu 1890 kama ku miaka 30 tabia inakuwa imekauka sawa plasta. Bongo. Mu 2006 balikusanya tafiti 92 zenye zilifuata batu miaka na miaka, bakaona bidii na utulivu wa moyo vinapanda sana kati ya miaka 20 na 40, na nyuma ya pale tabia inaendelea kusogea. Ila pole pole, na mupole kuliko benzake mara mingi anabaki mupole kuliko benzake, juu bote banasogea pamoja, njo maana unamuona sawa ni ule ule.

Ile inanichokesha kabisa ni "tumuoeshe, atatulia". Mudogo wangu alikuwa analala mpaka saa ine ya asubui, mama akaanza kumutafutia bibi. Mbele apatikane, kijana akapata kazi ku depo moja ya sima kule Birere, patron akamupa funguo: kufungua saa kumi na mbili, batu ba chukudu bako inje banangoja. Mwezi wa kwanza balimutukana karibu kila siku. Akatia funguo ku kamba, akavaa ku shingo, akalala nazo. Leo njo yeye ananipigia mulango.

Hakuna mwenye alimuhubiria. Marekani, mu utafiti wa 2019, banafunzi balichagua tabia ya kubadilisha, bakapewa vizoezi vya kila wiki, wiki 15. Benye balivifanya kweli balisogea kidogo, benye balichagua tu bakakaa, bure. Unaona vile viapo vya siku ya mungu.

Mama yeye bado anatafuta bibi. Sasa shida ingine: saa mbili ya usiku kijana iko anakoroma, nani atamukubali.