Je, wajua neno "sanctimommy" lilizaliwaje?

Mama mmoja yuko kwenye bembea za watoto huko Marekani. Mwanawe analia njaa, naye anampa biskuti ya dukani. Jirani yake wa benchi anatabasamu: "Kumbe unampa sukari? Wangu mimi sukari haijui." Hajatukana mtu, lakini biskuti imeshakuwa chungu. Mama wa aina hii, anayelea wake huku akiwahukumu wenzake, Wamarekani wamempa jina: sanctimommy.

Ni maneno mawili yaliyoungwa. "Mommy" ndivyo watoto wa Kimarekani wanavyoita mama. "Sanctimonious" lina asili ya Kilatini, sanctus, yaani mtakatifu, nalo humhusu mtu anayejikweza kwa uchaji. Tangu zamani ni neno la kejeli. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Measure for Measure, mhusika mmoja anamtaja haramia wa sampuli hiyo: alisafiri baharini na Amri Kumi, ila moja aliikwangua. Ipi? Usiibe, bila shaka.

Sasa tazama kiungo. Sanctimonious lina "mo" katikati, mommy linaanza na "mo". Aliyeunga alikata hapo hapo, silabi moja ikabeba maneno yote mawili. Lakini yatamke uone: "mo" ya kwanza ni kama "mou", ya pili Wamarekani huitamka karibu na "ma". Zinakutana machoni, sikioni zinapishana. Ndiyo maana naona kiungo hiki kinalifaa sana neno lililoenea kwa maandishi, miaka ya 2000, akina mama walipokuwa wakiandikiana mtandaoni na kubishana kuhusu kunyonyesha, usingizi wa mtoto na tivii.

Maneno ya namna hii, yaliyoungwa, mwandishi Mwingereza Lewis Carroll, mwaka 1871, aliyafananisha na begi linalofunguka pande mbili. Sisi nasi tunalo letu: chajio, yaani "chakula cha jioni" iliyokatwa na kuungwa.

Kinachonikera kidogo ni kwamba jina lenyewe nalo ni hukumu, na limemwangukia mama tena. Baba akifika kwenye bembea zile zile na biskuti zile zile, benchi zima litamsifu kwa kumleta mtoto kucheza.