Bunduki ya Babu Si Urithi, Noti ya Burma Si Hundi

Kila Novemba, zinapofanyika kumbukumbu za waliokufa katika vita vikuu, ofisi yetu ya makumbusho hapa Mombasa hupokea wageni wenye bahasha. Ndani mna noti kuukuu, medali yenye utepe uliochujuka, pengine picha ya kijana aliyevaa sare ya Keya (KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki). Siku hizi maswali yamezidi, na baadhi ya wageni hawaji na bahasha tena. Wanakuja na kitu kirefu kilichofungwa kwa leso.

Basi tuanze hapo. Usilete bunduki makumbusho. Usiipakie kwenye matatu, usivuke nayo feri ya Likoni, usimpe mtu wa bodaboda aifikishe Fort Jesus. Sisi hatuna mamlaka ya kuipokea mlangoni, na wewe huna ruhusa ya kuibeba barabarani. Nia yako njema tunaijua na tunaishukuru, lakini afisa aliye kwenye kizuizi haioni.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza mtu kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti cha kumiliki silaha. Sheria haiulizi kama ulinunua au uliachiwa. Cheti ni cha mtu, si cha nyumba wala ukoo, na hakigawanywi kwenye mirathi pamoja na minazi. Kwa baadhi ya silaha sheria inataja kifungo cha kati ya miaka 7 na 15. Risasi peke yake, bila bunduki, inatosha kumfikisha mtu kortini, kwa hiyo ile mkebe wa biskuti wenye risasi tano za babu nayo imo.

Utaratibu tunaoushauri ni huu. Iache bunduki ilipo. Usiisafishe, usivute komeo kuona kama ina kitu, usiipige picha ukaituma kwenye kundi la familia. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa mikono mitupu, uonane na mkuu wa kituo au afisa wa zamu, ueleze umekuta nini, wapi na lini. Hakikisha maelezo yako yameandikwa kwenye kitabu cha matukio nawe umepewa nambari ya OB. Omba maafisa waende kuichukua wenyewe. Ikichukuliwa, omba maandishi yanayotaja aina ya silaha na nambari iliyogongwa kwenye chuma. Ukiona uzito kwenda peke yako, nenda na chifu, mzee wa mtaa au wakili. Nambari ya OB na yale maandishi vihifadhi pamoja na karatasi nyingine za marehemu, maana miaka kumi baadaye jirani atakumbuka bunduki na hakuna atakayekumbuka kwamba iliondoka. Ikiwa ulichokuta ni bomu la mkono au kombora, usikiguse kabisa. Waondoe watoto, piga 999 au 112. Baruti haizeeki kwa upole.

Wapo wanaotujibu kwamba hicho ni kitu cha kale, kwa hiyo sheria haikihusu. Jibu hili limetuchosha. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inahesabu kitu cha kale kuwa kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Bunduki ya vita vya 1939 hadi 1945 haimo. (Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1946 umo katika vitu vinavyolindwa, na hautoki nchini bila kibali. Kuhusu milango hatuulizwi, inauzwa tu.) Na hata kama ni gobore la enzi ya Mazrui, si mwenye nyumba anayeamua kwamba limekuwa pambo.

Sasa tuje kwenye hadithi, ambayo ndiyo tunayoitaka. Bunduki inayotajwa zaidi na familia za hapa ni Lee-Enfield ya .303, yenye uzito wa kilo 4 hivi, inayobeba risasi 10 na kuvutwa komeo kila unapofyatua. Pale kitako kinapoungana na chuma, upande wa kulia, mara nyingi pamegongwa taji, herufi GR, jina la kiwanda kama Enfield au Ishapore ya India, mwaka, na alama ya toleo. Mwombe afisa aandike maneno hayo kama yalivyo. Kwa mtafiti mstari huo mmoja unafaa kuliko bunduki yenyewe ikiwa imepakwa rangi ya mlango, kama tulivyokwisha kuona.

Askari hakumiliki bunduki hiyo. Ilikuwa mali ya serikali ya Mfalme, imeandikwa kwa nambari, na kuipoteza kulimpeleka mtu kwenye mashtaka ya kijeshi. Wazee tuliowahi kuwasikiliza waliweza kusahau jina la kapteni wao, lakini nambari ya bunduki wakaitaja bila kusita, na mkono ukionyesha jinsi kamba ya kusafishia ilivyopitishwa kwenye mtutu asubuhi kabla ya ukaguzi. Ndiyo maana tukiambiwa "babu alirudi nayo Burma" tunauliza mara ya pili. Vijana wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita bonde la Kabaw huko Burma (Myanmar ya leo) wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin mwishoni mwa 1944, walitakiwa kurudisha silaha kabla ya kuachishwa kazi. Bunduki iliyoko darini huenda ilifika kwa njia nyingine: miaka ya hali ya hatari, mpaka wa kaskazini, au biashara ambayo marehemu hakupenda kuisimulia. Hatuulizi ili kuaibisha mtu. Tunauliza kwa sababu hadithi isiyo sahihi ikishaandikwa kwenye kibao cha makumbusho, kuiondoa ni kazi.

Kwa mfano, ile mizinga miwili ya chuma pale Fort Jesus ambayo watu hupiga nayo picha wakisema ni ya Mreno. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Mwingine ni wa Pegasus ya Mwingereza, ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Zanzibar Septemba 1914. Mreno alikuwa ameondoka karne mbili nyuma.

Pesa ndizo zinazotuletea ugomvi. Noti tunayoonyeshwa zaidi ni ya rupia 10 yenye maandishi ya Kiingereza yanayosema ni ya Serikali ya Japani na picha ya hekalu. Itazame vizuri: haina mwaka, haina nambari ya mfululizo kama noti ya benki, ina herufi tu zinazoanzia na B, yaani Burma. Noti za Malaya zilianzia na M. Jeshi la Japani lilizichapa kwa wingi kwa ajili ya nchi lilizozikalia, na vita vilipokwisha zikawa karatasi. Mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini Kilindini baada ya vita alitueleza kwamba walizikuta zimetapakaa kwenye mahandaki ya Wajapani, wakawashia moto wa chai, kisha kila mtu akaweka mbili tatu kwenye begi ili nyumbani waamini kwamba alifika. Mshahara wao wenyewe walilipwa kwa pesa nyingine.

Shida ni kwamba baadhi ya noti hizo zina ahadi ya kumlipa anayezishika akizidai, na wajukuu wameisoma ahadi hiyo. Tumeulizwa ubalozi uko wapi, tumeulizwa kama riba inahesabiwa tangu 1942. Hakuna ubalozi wala benki itakayokulipa. Watu wa Hong Kong waliolazimishwa kubadilisha akiba zao kwa pesa za kijeshi za Japani walikwenda mahakamani Tokyo, na mwaka 1999 wakashindwa, nao walikuwa na dai zito kuliko mtu aliyeokota noti handakini.

Zipo nyingine zinazoeleza safari ya askari vizuri zaidi. Rupia ya India iliyogongwa maneno ya utawala wa kijeshi wa Burma ni ya 1945. Noti yenye simba juu ya taji ni ya mamlaka ya kijeshi ya Uingereza. Lira za Italia zenye muhuri wa Africa Orientale Italiana zinatoka kwenye vita vya Somalia na Ethiopia vya 1940 na 1941. Shilingi ya Afrika Mashariki ya Mfalme George ilitumika mpaka huko, na zile za sarafu zilizotengenezwa hadi 1946 zina robo tu ya fedha halisi, kwa hiyo usiipeleke kwa sonara ukitarajia bangili.

Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, ina mwaka 1780, na imeandikwa 1780 hata ile iliyotengenezwa wakati wa vita vya pili, Bombay au London. Si kwamba babu wa babu yako alifanya biashara na malkia. Na kuhusu madalali wanaozunguka wakitafuta rupia za Mjerumani kwa mamilioni: ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ni adimu kweli, na kwa sababu hiyo bandia zake ni nyingi. Sarafu ya shaba ya heller 20 ya Tabora ni ya kawaida. Anayekuomba "ada ya kupima" kabla ya kununua hanunui.

Tafadhali pia acheni kuzipeleka noti saiba zikafunikwe kwa plastiki ya moto. Haifunguki tena. Iweke kwenye bahasha ya karatasi safi, andika kwa penseli juu ya bahasha, usiandike kwenye noti.

Familia nyingine hazina noti wala medali, kwa sababu kijana wao hakufika. Meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kwenda Colombo, na tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldives. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Majina ya askari hao yako kwenye Mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, na kwenye daftari la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambalo mtu yeyote anaweza kulitafuta kwenye intaneti bila malipo. Jaribu jina kwa tahajia tatu au nne, maana karani aliandika alivyosikia: Mwinyi akawa Muini, Hamisi akawa Amisi. Ukiwa na nambari ya jeshi, kutoka kwenye cheti cha kuachishwa kazi au nyuma ya picha, anza nayo. Nyota za Afrika na Burma hazikuchongwa majina, kwa hiyo medali peke yake haitamtambulisha. Ukija ofisini, njoo na nambari hiyo na mtu mzima wa familia anayekumbuka. Noti iache nyumbani, picha ya simu ya pande zote mbili inatutosha.