Kuvutiwa si lazima kupenda

Sema hapa Dodoma, "Nimevutiwa na yule dada anayeuza zabibu," na wengi watadhani unatafuta mchumba. Wanaamini kuvutiwa ni neno la mapenzi tu. Sivyo, na inaniuma kuona neno pana hivi likibanwa kiasi hicho.

Asili yake ni kuvuta. Gari lililokwama kwenye mchanga wa korongo huvutwa. Hapo kuna kamba na nguvu. Ukiongeza -i- unapata vutia, kisha -w- unapata vutiwa: hakuna anayekushika, ila macho au moyo wako unaelekea huko. Mwanafunzi huvutiwa na hesabu, mgeni na miamba ya Dodoma, mnunuzi na bei. Huyo dada huenda alikuvutia kwa jinsi anavyopanga zabibu zake.

Kupendezwa ni jirani yake, ila hubeba furaha: umeona, umeridhika. Kutamani ni kutaka kiwe chako.

Kunogewa ndilo nilipendalo zaidi. Ni la aliyekwisha kuonja, kama mtu aliyekaa kwenye ngoma ya Wagogo hadi akasahau saa. Aliyesimama mbali akisikiliza anaweza kuvutiwa, lakini kunogewa bado.