Sanamu ya Askari haimkumbuki mpigania uhuru

Wengi wapitao kwenye Sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam, huamini kwamba inamuenzi mpigania uhuru, na wapo wanaodai iliachwa na Wajerumani. Dhana zote mbili si sahihi. Wajerumani walikuwa na sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann, ambayo iliondolewa baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Hii ya sasa, ya shaba nyeusi, ilizinduliwa na Waingereza mwaka 1927, miaka 34 kabla ya uhuru, kuwakumbuka Waafrika waliotumika upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza. Waafrika waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wengi wao wazaliwa wa nchi hii hii, hawakukusudiwa.

Hata hao waliokusudiwa hawaonekani wote. Maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini juu ya nguzo amesimama askari mmoja tu mwenye bunduki. Sanamu kama hiyo ya Nairobi, kwa haki zaidi nadhani, ina mpagazi pia. Dar es Salaam wapagazi wamebaki katika jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi chao, Carrier Corps.