Mkone wa uani na kinyonga asiye na sumu

"Fyeka hicho kichaka cha mkone, kinaleta vinyonga, na wana sumu," shangazi huniambia kila akija kwangu Bagamoyo. Shangazi, nisamehe: kinyonga hana sumu, si kwenye meno wala kwenye ngozi. Akitandaza vile vipande vya ngozi nyuma ya kichwa, akaachama na kufoka, ni woga. Akikuuma, utahisi kubinywa tu.

Anafuata wadudu. Maua ya manjano ya mkone huita nyuki na nzi. Naye husogea kidogokidogo, ulimi ukafyatuka, mara nzi hayupo. Matunda ya mkone nayo, ndege na watoto huyagombea.

Ukimkuta jike anachimba mchangani chini ya kichaka, tafadhali usimpige mawe. Anataga, na mayai hayo hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kuanguliwa.